Maswali mnayouliza kila siku kuhusu Nora Roberts

Nimeyakusanya hapa maswali ambayo kila nikimtaja huyu mama lazima mtu aniulize, mengine nimeyajibu mara nyingi mpaka nayajua kwa kichwa. Mimi ni msomaji wake tu, wa siku nyingi, nampenda na wala sifichi, kwa hiyo mahali mtakapoona nimeandika kirefu mjue hapo ndo moyo ulipo.

Kwani Nora Roberts ni nani hasa?

Ni mwandishi wa riwaya za mapenzi wa Marekani, kazaliwa tarehe 10 Oktoba 1950 mji wa Silver Spring, jimbo la Maryland, na Maryland hiyohiyo ndo kaolewa, kalea watoto na kuandikia vitabu vyake. Kwao walizaliwa watano, yeye ndo kitinda mimba na msichana peke yake, juu yake kaka wanne. Ukisoma vitabu vyake ukaona anavyowajua wanaume ndugu, wanavyotaniana, wanavyotupiana ngumi halafu dakika tano mbele wanakula sahani moja, basi ujue hayo hakuyasoma popote, kakua nayo. Asili ya familia ni Ireland na hiyo Ireland imejaa kwenye vitabu vyake toka kile cha kwanza kabisa. Utotoni alisoma kwa masista wa Kikatoliki na mwenyewe kasema zaidi ya mara moja kwamba nidhamu ya kazi aliitoa kwao.

Hilo ni jina lake la kweli?

Nusu. Jina alilopewa ni Eleanor Marie Robertson. Wakati anaanza alidhani kila mwandishi wa mapenzi lazima awe na jina la kalamu, hivyo akalikata la kwao likawa Nora Roberts. Baadaye akagundua si lazima, ila vitabu vilishatoka.

Alianzaje kuandika? Nasikia ni theluji.

Ni kweli, theluji, Februari 1979. Alikuwa kaolewa mapema tu baada ya sekondari, akafanya kazi kidogo ya ukatibu kwenye ofisi ya mawakili, halafu akakaa nyumbani kulea watoto wawili wa kiume, sehemu ya mashambani kule magharibi mwa Maryland. Ni yule mama anayeshona nguo za watoto, anasindika mboga kwenye chupa, anaoka mikate mwenyewe. Sasa ikapiga dhoruba ya theluji, barabara zikafunga, shule hakuna, yeye na wale watoto ndani siku baada ya siku, mchezo uleule wa watoto wa kwenye ubao wanaucheza wanaurudia, na chokoleti ndani inaelekea kuisha (hii ya chokoleti mwenyewe huwa haachi kuitaja). Akachukua penseli na daftari akaanza kuandika stori moja iliyokuwa inamzunguka kichwani, kusudi asichanganyikiwe.

Watu wengi wanaipenda hii hadithi kwa sababu ya theluji. Mimi nahisi sehemu kubwa ni ile inayofuata, maana theluji iliyeyuka, barabara zikafunguka, watoto wakarudi shule, na yeye hakuliweka lile daftari chini. Wangapi tumeanza kitu siku ya mvua na jua lilivyotoka tukakisahau? Yeye aliendelea, akamaliza mswada wa kwanza, akaanza wa pili, ikafika miswada kama sita hivi na hakuna hata mmoja uliokuwa umenunuliwa.

Kwanini walimkataa?

Hapa lazima ujue biashara ilivyokuwa. Miaka hiyo kampuni iliyoshika riwaya za mapenzi ilikuwa Harlequin ya Kanada, na vitabu vyake vingi vilitoka kwa waandishi wa Uingereza kupitia Mills & Boon. Wasomaji wa Marekani walikuwa wengi mno, waandishi wa Marekani karibu hakuna. Aliyekuwepo na jina kubwa alikuwa Janet Dailey. Nora akapeleka mswada, jibu lililorudi ni kwamba ameandika vizuri lakini wao Mmarekani wao tayari wanaye. Mmoja! Yaani nchi nzima ile inatosha kuwakilishwa na mtu mmoja.

Mwaka 1980 wachapishaji wa Marekani Simon & Schuster wakaanzisha Silhouette, tawi la riwaya za mapenzi, hasa kwa ajili ya wale waandishi wa Kimarekani ambao wenzao hawakuwataka, na huko ndiko riwaya yake ya kwanza, Irish Thoroughbred, ilitoka 1981. Kati ya 1982 na 1984 akawatolea riwaya 23. Mwaka huohuo 1984 Harlequin wakainunua Silhouette yenyewe, kwa hiyo yule waliyemkataa wakaja kumpata kwa kununua nyumba nzima aliyokuwa anakaa.

Alileta nini kipya, si mapenzi ni yaleyale tu?

Siyo yaleyale jamani. Zile riwaya za zamani ulikuwa unakaa kichwani mwa msichana mwanzo mwisho, mwanaume ni bosi au daktari mwenye uso wa jiwe, anawaza nini hujui mpaka ukurasa wa mwisho anapotamka nakupenda na wewe msomaji unabaki unajiuliza mapenzi yenyewe yalianza lini. Nora alikuwa mmoja wa waliotuingiza ndani ya kichwa cha mwanaume pia. Tunamwona anavyoogopa, anavyojidanganya, anavyotafuta sababu ya kupita mtaa ule. Halafu wanawake wake wana kazi zao na wanaipenda kazi: mfinyanzi, mpiga picha, zimamoto, mwenye shamba la farasi, na hiyo kazi anaielezea mpaka unaiona mikono yao. Na mapenzi yanapokuja hawaiachi.

J.D. Robb ni yeye au ni mtu mwingine?

Ni yeyeyeye. Mwanzoni mwa miaka ya 90 alikuwa anaandika haraka kuliko wachapishaji walivyoweza kutoa kwa jina moja, na yeye alikuwa anataka kujaribu hadithi za upelelezi, kwa hiyo likatafutwa jina jingine. J na D ni herufi za mwanzo za majina ya wanawe wawili, Robb ni kipande cha Roberts. Cha kwanza, Naked in Death, kilitoka 1995, na watu walikisoma miaka kadhaa bila kutangaziwa rasmi kwamba ni Nora, ingawa wenye masikio makali walishamjua kwa sauti.

Stori zinatokea New York kuanzia mwaka 2058, na shujaa ni Luteni Eve Dallas wa kitengo cha mauaji. Alipokuwa na miaka 8 aliokotwa kwenye uchochoro mjini Dallas, mkono umevunjika, jina hana, akapewa la huo mji. Kakua hivyo, hana mtu. Ndani ya kesi yake ya kwanza anakutana na Roarke, tajiri wa kutupwa, Mwairishi, naye katoka kwenye utoto wa kipigo vilevile. Wakati huo kahawa ya kweli imekuwa adimu, watu wanakunywa ya bandia, na huyu bwana anamtumia Eve kahawa ya kweli. Angeweza kumtumia almasi. Ila kamwangalia, kaona huyu dada halali usingizi, anaishi kwa kazi, kitu kitakachomfikia ni kahawa. Mimi nilipofika hapo niliweka kitabu chini kidogo. Kuna waandishi wanatumia kurasa kumi kueleza kwamba mwanaume huyu anamwona mwanamke huyu, yeye kamaliza kwa mfuko mmoja wa kahawa.

Mfululizo huo umepita vitabu 50 na hao wawili ni walewale, wameoana, wanagombana, wanakua. Kwangu mimi hiyo ndo kazi yake kubwa kuliko zote, kwa sababu kuandika watu wakipendana kwa mara ya kwanza wengi wanaweza, kuandika ndoa ya watu wawili walioumizwa kitabu baada ya kitabu na bado mtu anataka kujua leo wamelala wamenuniana au vipi, hiyo ni nyingine.

Mtu mmoja anaandikaje vitabu zaidi ya 200? Si ana watu wanamwandikia?

Hana. Hili swali naulizwa sana na nakiri huwa linaniuma, kwa sababu nyuma yake kuna dharau kidogo, kama vile mwanamke anayeandika mapenzi hawezi kuwa anafanya kazi kweli. Riwaya yake ya 200 ilitoka 2012 na hakusimama hapo.

Siri yake mwenyewe kaisema miaka yote na haina uchawi: anakaa kwenye kiti. Anaandika kila siku, kwa muda wa saa sita mpaka nane, kama mtu anayeenda ofisini, na hasubiri mzuka umshuke. Hapangi stori nzima kabla. Rasimu ya kwanza anaikimbiza bila kurudi nyuma, haijalishi ni mbaya kiasi gani, anachotaka ni stori yote iwe chini. Halafu anarudi mwanzo, anaona kumbe huyu mtu si nilivyodhani, anarekebisha, anajaza. Mara ya tatu anasugua lugha, ndo anaituma. Msimamo wake ni kwamba ukurasa mbovu unarekebishika, mtupu haurekebishiki. Na vile vitabu vyake vinavyokuja vitatuvitatu anaviandika mfululizo kimoja baada ya kingine, kusudi wale watu wasimtoke kichwani.

Sasa fanya hesabu mwenyewe, mtu anayefanya hivyo toka 1979.

Ile kesi ya kuibiwa maandishi ilikuwaje?

Hii ni ya 1997. Msomaji mmoja alimaliza kitabu cha Nora, akachukua cha Janet Dailey, yuleyule Mmarekani mmoja niliyemtaja huko juu, akasoma, akahisi hapa nilishapita. Siyo wazo kufanana, maana mawazo kwenye mapenzi hufanana, ni sentensi zenyewe, mazungumzo yenyewe, kamegewa kipande hapa na kipande pale. Akaviweka sambamba kwenye intaneti watu waone kwa macho yao.

Dailey akakiri hadharani kwamba alichukua, akasema alikuwa na matatizo ya kisaikolojia. Fikiria Nora alivyokuwa kwenye hiyo hali. Dailey alikuwa ni mtu wa fani moja naye, wanakutana kwenye mikutano ya waandishi. Na kulikuwa na watu waliomwambia aachilie, ni mambo ya kifamilia, asiwachafue waandishi wa mapenzi ambao tayari wanachekwa. Akakataa. Akaenda mahakamani, wakamalizana 1998 kwa malipo, na hela alizolipwa akazitoa kwa mashirika ya kufundisha watu wazima kusoma na kuandika.

Yeye anaona kuibiwa maneno ni kama mtu kuingia nyumbani kwako, na hajawahi kulilegezea. 2019 akafungua kesi nyingine dhidi ya mwandishi wa Brazili ambaye vitabu vyake vilikutwa na vipande vya waandishi wengi, na wengine kati ya hao walioibiwa hawakuwa na uwezo wa kwenda mahakamani. Yeye anao. Akaenda.

Kwanini kila kitabu kinaisha vizuri? Siyo uongo huo?

Ukinunua kitabu cha upelelezi muuaji akafika mwisho hajajulikana utadai hela yako. Hii ni hivyohivyo. Riwaya ya mapenzi ina ahadi moja, kwamba hawa wawili tutawaacha wakiwa pamoja na wana matumaini, na msomaji analipia ahadi hiyo. Kazi ya mwandishi ni kunifanya niogope kwamba safari hii haitawezekana, ingawa najua itawezekana. Jaribuni kuandika muone ugumu wake.

Na ndani ya hiyo ahadi Nora haogopi kuweka msiba, kipigo, ulevi, wazazi waliotelekeza watoto. Wanaosema vitabu vyake ni vya kulainisha dunia mara nyingi ukiwauliza wamesoma kipi wanataja jalada.

Ni kweli aliolewa na fundi aliyekuja kumtengenezea shelfu?

Kweli kabisa. Ndoa ya kwanza iliisha mwanzoni mwa miaka ya 80, baadaye akamwita fundi seremala aje amjengee shelfu za vitabu nyumbani, wakaoana Julai 1985. Najua mnavyofikiria, hata mimi ningeisoma kwenye riwaya ningesema imezidi, lakini ndo ilivyotokea.

Boonsboro kuna nini mpaka wasomaji wake wanasafiri kwenda?

Boonsboro ni mji mdogo wa Maryland, karibu na anapokaa. Mumewe alifungua pale duka la vitabu mwaka 1995, linaitwa Turn the Page, na Nora amekuwa akikaa mezani kusaini vitabu, watu wanatoka majimbo ya mbali wanapanga foleni nje.

Halafu kuna ile hoteli ndogo, Inn BoonsBoro. Jengo la zamani la kwenye kona ya mji, wakalinunua walitengeneze, Februari 2008 katikati ya ukarabati likaungua. Wakaanza upya, likafunguliwa 2009. Vyumba vyake vimepewa majina ya wapenzi wa kwenye vitabu na filamu, Elizabeth na Darcy, Jane na Rochester, na Eve na Roarke wake mwenyewe wana chao. Ila sharti ni moja: lazima hao wawili waliishia pamoja. Romeo na Juliet utawatafuta kwenye milango yote hutawaona.

Filamu zake zipo?

Zipo kadhaa. Kituo cha televisheni cha Lifetime kilitoa nne 2007 na nyingine nne 2009, na Netflix walitoa Brazen mwaka 2022. Zinaangalika, ila kinachofanya Nora awe Nora ni yale mawazo ya ndani ya watu na kamera haiyachukui yote. Someni kwanza.

Heshima gani kapata?

Chama cha waandishi wa mapenzi wa Marekani kilipoanzisha orodha yake ya magwiji, 1986, wa kwanza kuingizwa alikuwa yeye. Jarida la Time likamweka kati ya watu 100 wenye ushawishi duniani mwaka 2007.

Hela zote hizo anafanyia nini?

Ana taasisi yake inayosaidia zaidi mambo ya kusoma, watoto na sanaa, na imekisaidia chuo cha McDaniel hukohuko Maryland kuanzisha kituo cha kusomea riwaya za mapenzi kama fasihi nyingine yoyote. Kwangu hilo ni kubwa, maana kuna wakati kitabu cha mapenzi mtu alikuwa anakifunika gazeti akipanda basi.

Na kuna la 2022. Mji mmoja mdogo wa Michigan, Jamestown, wapiga kura waligoma kuipa hela maktaba yao kwa sababu ya vitabu vichache vinavyohusu mashoga na wasagaji. Watu wakaanza kuichangia maktaba mtandaoni, na kwenye orodha ya wachangiaji likatokea jina lake na dola 50,000. Mwaka uliofuata vitabu vyake mwenyewe kadhaa vikaondolewa kwenye shule za wilaya moja ya Florida, na akalisemea hilo hadharani.

Sijawahi kumsoma, nianze na kipi?

Usianze na cha kwanza cha 1981, kina utamu wake ila alikuwa bado anajifunza. Mimi kila mtu nampa Sea Swept cha 1998. Cameron Quinn yuko Ulaya, mshindi wa mbio za boti, pombe na warembo, inakuja simu: baba kapata ajali, anakufa. Anarudi nyumbani pwani ya Chesapeake anakuta kaka zake wawili kitandani kwa mzee. Hawa watatu hawakuzaliwa na mzee huyu, kila mmoja aliokotwa akiwa kijana aliyevunjika akalelewa pale. Na mzee kabla hajakata roho anawaomba kitu kimoja, mtoto wa miaka 10 anaitwa Seth, wa nne, msimwache. Basi. Wanaume watatu ambao hata kuosha vyombo ni kesi, wanabaki na mtoto asiyeamini mtu yeyote anayemgusa, na dada wa ustawi wa jamii anagonga mlango kuangalia kama wanafaa. Mapenzi yapo na ni matamu, lakini kitakachokuliza ni yule mtoto siku anaanza kuamini kwamba hawa hawataondoka.

Ukiwa mtu wa upelelezi anza na Naked in Death. Ukitaka kitu chepesi cha marafiki na harusi, chukua Vision in White cha 2009.

Lazima nisome kwa mpangilio?

Vile vinavyosimama peke yake hapana, chukua chochote. Vya vitatuvitatu na vinne, ndiyo, utajiharibia mwenyewe ukianzia katikati, kwa mfano Seth anakuja kupata kitabu chake akiwa mtu mzima, Chesapeake Blue, 2002, na ukikisoma kabla hujamjua akiwa na miaka 10 utaona ni kijana mzuri tu mchoraji, utakosa kilio chote. Vya Eve Dallas kila kesi inaisha ndani ya kitabu chake kwa hiyo unaweza kuruka, ila nakuomba kile cha kwanza usikiruke, kahawa iko mle.